Nguzo ya Mbaraki na Swali la Matumizi Yake

Msomaji mpendwa, majengo ya kale ni ya namna mbili. Yapo yale ambayo nasaba yake yajulikana: nani aliyeyajenga, mwaka gani, na kwa haja gani. Yapo na mengine yaliyo mayatima, ambayo wazazi wake walikufa bila ya kuacha wasia. Kisiwa cha Mombasa kina namna zote mbili. Upande wa mashariki, penye Mji wa Kale, imesimama Ngome ya Yesu. Ngome hii ina nasaba. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, msanifu wa majengo kutoka Milan katika Italia. Na haja yake yasomeka katika kuta zenyewe, kwa kuwa mizinga ilielekezwa baharini kulinda mlango wa bandari. Mtu akiuliza ngome ilijengwa kwa nini, jibu ni moja, wala hapana wawili wanaobishana.

Lakini ukivuka kisiwa ukaenda upande wa kusini-magharibi, karibu na hori ya Mbaraki inayoungana na bandari ya Kilindini, utakuta jengo la namna ya pili. Jirani na maghala na barabara za magari ya mizigo imesimama nguzo ndefu ya mawe. Imejengwa kwa mviringo, nene chini na nyembamba juu, nayo ndani yake ni tupu. Ina uwazi mdogo chini na vitundu vyembamba vya kupitisha mwanga. Kando yake pana msikiti mdogo uliojengwa upya mahali pa msikiti wa kale. Nguzo yenyewe haitaji jina la aliyelala chini yake wala la fundi aliyeisimamisha. Watu wameiuliza kwa muda mrefu: Wewe ni nani, na ulijengwa kwa nini? Majibu yaliyotolewa ni mengi, na katika insha hii nataka tuyapime pamoja, moja baada ya jingine.

Kabla ya kuyapima, yafaa tujue kwamba si watu wa Mombasa peke yao waliopewa kitendawili cha namna hii. Katika nchi za Meksiko na Guatemala, watu wa kabila la Wamaya walijenga piramidi kubwa za mawe katika miji kama Tikal, Palenque na Chichen Itza. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba piramidi hizo zilikuwa majukwaa tu ya kuinulia mahekalu, wala si makaburi kama zile za Misri. Katika mji wa Palenque, mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye Alberto Ruz aliona matundu katika bamba moja la sakafu ya hekalu lililo juu ya piramidi. Bamba lilipoinuliwa ikaonekana ngazi iendayo chini, imejazwa kifusi. Ilichukua miaka kadhaa kuisafisha ngazi ile, na mwaka wa 1952 Ruz akafika katika chumba cha kaburi la mfalme Pakal, aliyefariki mwaka wa 683. Hivyo jengo lililodhaniwa kuwa hekalu tu likawa hekalu na kaburi pia. Nayo piramidi kubwa ya Chichen Itza ina ngazi pande zote nne, kila upande vidato 91. Ukivijumlisha pamoja na kidato kimoja cha juu wapata 365, idadi ya siku za mwaka. Kwa hiyo jengo moja laweza kuwa mahali pa ibada na kalenda vilevile. Shika mafunzo haya mawili, msomaji, maana yatatufaa Mbaraki: la kwanza, umbo la jengo halisemi yote, la pili, jengo moja laweza kuwa na kazi zaidi ya moja.

Na tuanze na jinsi lilivyojengwa, kwa sababu mkono wa fundi ni shahidi asiyeweza kusema uwongo. Mawe ya nguzo ni mawe ya matumbawe, ambayo ndiyo mwamba wa pwani hii. Mafundi wa Kiswahili walitumia matumbawe ya namna mbili. La kwanza ni jiwe gumu la nchi kavu, ambalo huchimbwa na kupasuliwa vipande visivyo sawa, likafaa kwa kuta nene. La pili ni tumbawe laini litolewalo baharini. Likiwa bichi hukatika kwa shoka na kuchongeka kama ubao, na likikauka juani hugeuka kuwa gumu. Hilo lilifaa kwa vibla na miimo ya milango. Chokaa nayo ilitoka kwa matumbawe yayo hayo. Yalipangwa juu ya biwi la magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa yaive. Jengo zima, mawe yake, chokaa yake na lipu yake, lilitoka katika bahari na ufuo ambao wenyeji waliujua tangu utoto.

Aliyeijenga nguzo hii hakuwa mwanafunzi wa kazi. Ukuta ulionyoka hujengwa kwa kamba na timazi, lakini ukuta wa mviringo unaozidi kupungua kadiri unavyopanda hutaka jicho na hesabu. Kuifanya nene chini kuliweka uzito karibu na ardhi, upepo wa kusi usipate nafasi ya kuitikisa. Kuiacha tupu ndani kulipunguza mawe, chokaa na mzigo juu ya msingi. Kama msingi ungalikuwa dhaifu au chokaa mbichi, nguzo hii isingalistahimili mamia ya masika. Basi jambo la kwanza tunalolijua kwa hakika ni hili: walioijenga walikuwa na mali ya kulipa mafundi, na walikuwa na haja waliyoiona kuwa kubwa. Watu hawachomi matumbawe kwa mchezo.

Sasa tuyatazame majibu. La kwanza, ambalo limeenea kuliko yote, lasema kwamba nguzo ni alama ya kaburi. Mapokeo huitaja kuwa kaburi la sheikh wa Wachangamwe. Wachangamwe ni mmojawapo wa mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, yaitwayo Thenashara Taifa. Mataifa hayo yaligawanyika mafungu mawili: Tisa Taifa, waliokuwa na nguvu upande wa Mvita, na Tatu Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, ambao makao yao kisiwani yalikuwa upande huu wa Kilindini. Kwa hiyo mahali penyewe papatana na mapokeo.

Jibu hili lina ndugu wengi wa kulishuhudia. Pwani yetu, kutoka kusini ya Somalia mpaka Tanzania, ina makaburi ambayo juu yake pameinuliwa nguzo. Yako Ishakani karibu na mpaka wa Somalia. Yako Malindi kando ya msikiti. Yako Mambrui, ambako nguzo ilipambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Yako Gedi, Mnarani karibu na Kilifi, Kunduchi karibu na Dar es Salaam, na Kaole karibu na Bagamoyo. Nyingine ni za mviringo, nyingine zina pande nne au zaidi, nyingine zimefanyiwa mifereji kutoka juu hadi chini. Kaburi la nguzo la Takwa, katika kisiwa cha Manda, lina maandishi ya mwaka wa 1094 wa Hijria, yaani kama 1682 kwa hesabu ya Miladi, na watu wa Shela wamekuwa wakivuka maji kwenda kuomba mvua mahali hapo. Mtu aliyeyaona makaburi haya, akiiona nguzo ya Mbaraki, husema mara moja: Huyu ni wa ukoo ule ule.

Hata hivyo, msomaji, kufanana si ushahidi wa kutosha. Nguzo nyingi za makaburi zimejengwa kwa mawe matupu mpaka ndani, nazo huota juu ya ukuta wa kaburi wenye mapambo ya kuchongwa. Nguzo ya Mbaraki ni kubwa kuliko hizo, ina uwazi ndani, na imepewa vitundu vya mwanga. Maiti hahitaji dirisha. Ikiwa ni kaburi, basi ni kaburi lililotoka katika desturi ya ndugu zake, na yatupasa kuuliza sababu.

Jibu la pili lasema kwamba nguzo ilikuwa mnara wa kuadhinia. Lina uzuri wake, kwa sababu msikiti uko kando. Tena katika Mji wa Kale uko msikiti wa Mandhry, unaosemwa kuwa ulijengwa karibu mwaka wa 1570, na mnara wake wa mviringo unaochongoka kwenda juu wafanana na nguzo hii. Ila sharti tukumbuke kwamba misikiti mingi ya kale ya Waswahili haikuwa na minara kabisa. Adhana ilisomwa juu ya paa au mlangoni. Minara kama wa Mandhry ni michache, nayo huonekana zaidi katika mji wa Mombasa. Na jambo lililolidhoofisha zaidi jibu hili ni uchimbaji uliofanywa na Hamo Sassoon, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Ngome ya Yesu, ambaye alichapisha matokeo ya kazi yake mwaka wa 1982. Aliona kwamba msikiti wa Mbaraki ulikuwa wa karne ya 15, kwamba uliachwa katika karne ya 16, na kwamba nguzo ni ya baadaye, ingawa ilikuwa imekwisha kusimama kufikia mwaka wa 1728. Kama ndivyo, nani angejenga mnara wa kuwaitia watu sala katika msikiti ambao paa lake limeanguka?

Ukitafakari karne ya 16 ilivyokuwa, hutashangaa kusikia kwamba msikiti uliachwa. Mwaka wa 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliupiga na kuuteketeza mji wa Mombasa. Walirudi wakauteketeza tena chini ya Nuno da Cunha, aliyeuingia mwaka wa 1528. Mwaka wa 1589 walikuja tena, na katika msukosuko huo Wazimba waliokuwa bara wakavuka wakaingia kisiwani na kuua watu. Katika miaka kama hiyo, watu huacha si misikiti tu, bali hata visima na makaburi ya wazee wao.

Jibu la tatu lazaliwa hapo hapo. Msikiti ulipokuwa gofu, mahali pake hapakuwa patupu katika mawazo ya watu. Pakawa mahali pa pepo. Walio na shida, wagonjwa, wasafiri na wanawake waliotaka watoto walikwenda Mbaraki na ubani, udi na marashi ya mawaridi, wakaomba. Wasemao hivi huona kwamba nguzo ilijengwa kuwa makao ya pepo mkubwa aliyeaminiwa kukaa mahali pale. Jibu hili laeleza mambo ambayo majibu mengine hayakuyaeleza: kwa nini nguzo ina nafasi ndani yake, na kwa nini ilijengwa penye gofu. Usilicheke, msomaji, kwa sababu wewe huamini pepo. Mwandishi wa historia haulizwi anaamini nini. Aulizwa waliojenga waliamini nini. Wamaya nao walikuwa na imani ambazo si zetu, lakini asiyezijua hawezi kufahamu hata kidato kimoja cha piramidi zao.

Hata hivyo, jibu la tatu nalo lina udhaifu. Tunajua kwamba watu walifukiza ubani mahali pale, lakini kutumia mahali si sawa na kupajenga. Watu wa Shela wanaoomba mvua Takwa hawakulijenga kaburi kwa ajili ya mvua. Walilikuta, wakaliheshimu, wakalipa kazi mpya. Yawezekana kwamba nguzo ilijengwa kwa haja moja, na pepo wakapewa makao humo baadaye.

Jibu la nne ni la mabaharia. Kilindini maana yake ni mahali pa maji yenye kina, na mlango wake una miamba. Nguzo ndefu iliyopakwa chokaa nyeupe, ikisimama penye mwinuko karibu na hori, ingalionekana kutoka majini, na nahodha angaliweza kuielekea kwa macho. Sina shaka kwamba vyombo viliitumia hivyo, kwa kuwa baharia hutumia kila kionekanacho, hata mbuyu. Lakini hapa tena twarudi katika kanuni yetu: kutumia si kujenga. Mbuyu haukupandwa kwa ajili ya nahodha.

Basi tuseme nini? Yapo mambo mawili ambayo kijana asomaye historia huvutwa kuyafanya, na yote mawili ni mabaya. La kwanza ni kuchagua jibu linalompendeza na kuyatupa mengine. La pili ni kusema kwamba, kwa kuwa hatuna hakika, kila jibu ni sawa. Majibu si sawa. La mnara limevunjwa na uchimbaji kwa kiasi kikubwa. La alama ya mabaharia laeleza faida, halielezi asili. Yanayobaki na nguvu ni mawili, kaburi na pepo, na haya hayakupigana sana kama yaonekanavyo. Katika pwani yetu kaburi la mtu mkubwa halikuwa shimo la maiti tu. Lilikuwa mahali pa dua, nadhiri na baraka, na roho ya mwenye kaburi ilifikiriwa kuwa na uwezo wa kusaidia au kudhuru. Yamkini nguzo ilisimamishwa penye magofu yaliyokwisha kuheshimiwa, kwa umbo la makaburi ya wakubwa, ikapewa nafasi ndani kwa ajili ya wale watakaokuja na ubani. Hayo ndiyo maoni yangu. Nayatoa kama maoni, na anayeleta ushahidi bora atayashinda.

Lipo jambo jingine, na pengine ndilo kubwa kuliko yote. Zamani wapo waandishi wa kigeni walioona majengo ya mawe ya pwani wakasema kwamba Waafrika hawawezi kujenga hivi. Lazima Waajemi au Waarabu walikuja wakajenga, wenyeji wakakaa wakitazama. Makaburi ya nguzo yamewajibu. James Kirkman, aliyechimba Gedi kuanzia mwaka wa 1948, na wengine waliomfuata, walitafuta mfano wa makaburi haya ng'ambo ya bahari, na hawakuupata. Dini ya Kiislamu ilifika kutoka ng'ambo, hilo ni kweli. Kaure ilitoka Uchina, hilo nalo ni kweli. Lakini nguzo juu ya kaburi ni mazao ya pwani hii. Tena wanachuoni wengi wa dini hawakupenda kujenga juu ya makaburi, kwa hiyo desturi hii haikuletwa na vitabu vyao. Wengine wameilinganisha na vigango vya Wamijikenda, yaani mbao za kuchongwa zisimamishwazo kuwakumbuka wazee waliofariki. Wengine wameona katika nguzo ishara ya uanaume na uzazi. Iwe hivi au vile, asili yake yaonekana kuwa hapa. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka wa 1331 aliandika kwamba misikiti yake ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Ustadi ulikuwako kabla ya jiwe. Jiwe lilipopata nguvu, likakuta mikono iliyokwisha kufunzwa.

Ndiyo sababu jengo yatima lastahili ulinzi sawa na jengo lenye nasaba. Ngome ya Yesu iliwekwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu mwaka wa 2011, na Gedi ikafuata mwaka wa 2024. Watu hupanda ndege kuja kuziona. Nguzo ya Mbaraki haina mizinga wala makumbusho, nayo imekaa katika ujirani wa bandari ambapo kila pima ya ardhi ina bei. Kenya ina sheria ya mwaka wa 2006 ya makumbusho na urithi, iwapayo wataalamu uwezo wa kulinda mahali pa kale. Lakini sheria ni kama timazi: hufaa ikiwa mkononi mwa fundi aliye tayari kuitumia. Jengo ambalo watu hawajui maana yake huonekana kuwa rundo la mawe, na rundo la mawe huondolewa bila ya majuto. Kumbuka ngazi ya Palenque. Kama mtu angalilibomoa hekalu lile mwaka wa 1951 kwa kuona kwamba limekwisha kueleweka, Pakal angalipotea pamoja nalo, na ulimwengu usingalijua kwamba umepotelewa.

Basi, msomaji, ukiwa Mombasa au ukipata safari ya kufika huko, usimalize ziara yako katika Ngome. Nenda na Mbaraki. Zunguka nguzo polepole, tazama mawe yalivyopangwa, angalia jinsi mviringo unavyopungua, pima kwa macho umbali wake na msikiti na maji. Waulize wazee wa mtaa walisikia nini kwa wazee wao, uandike majina ya mahali na maneno yao kama walivyoyatamka, bila ya kuyapamba. Kisha jiulize maswali matatu: Ushahidi wenyewe ni upi? Ni nani aliyeutoa? Kuna jambo gani ambalo jibu hili halikulieleza? Mwanafunzi mwenye maswali hayo matatu amekwisha kuwa mwanahistoria, hata kama hajapata shahada. Na nguzo ya Mbaraki, ambayo imengoja muda mrefu kupata wa kuisemea, itakuwa imepata mtetezi mmoja zaidi.